Steki, mchanganyiko au mbavu: kilo ngapi za nyama choma zinatosha watu 20?

"Nikukatie kilo ngapi, dada?"

Swali hilo linakuja kisu kikiwa tayari mkononi mwa jamaa wa bucha, na nyuma yako foleni imeshafika mlangoni. Wengi wetu tunajibu kwa kubahatisha: "Tuko ishirini, niwekee kumi." Kumi za nini? Kilo 10 za steki zinalisha watu zaidi ya 30. Kilo 10 za mbavu zinalisha watu 20 kamili, na akiongezeka hata mmoja mnaanza kutazamana. Mizani ni ile ile na namba ni ile ile, lakini kinachofika kwenye sinia si kitu kimoja.

Haya niliyajua kwa aibu. Kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu nilikabidhiwa upande wa nyama. Tulitarajia watu 30. Nikanunua kilo 10 za mbavu kwa sababu zilionekana nyingi. Zilijaza beseni mpaka zikachungulia nje, na kila aliyepita jikoni alisema leo tutakula. Mjomba alikuwa anakuja kutoka Morogoro na basi lake likachelewa. Alipofika, saa kumi jioni, watu walishakula. Alinawa, akakaa, akapeleka mkono kwenye sinia. Nikauona mkono ule ukigusa mfupa, ukauacha, ukagusa mwingine, ukauacha, kisha ukarudi kwenye ugali. Alikula ugali na kachumbari, akashukuru, akampa mtoto zawadi yake. Hakusema neno lolote kuhusu nyama, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Wiki iliyofuata nilinunua kilo moja moja ya steki, mchanganyiko wenye mfupa na mbavu, nikachoma zote kwenye jiko moja siku moja. Nilizipima kabla na baada kwa mizani ndogo ninayopimia unga wa keki. Steki ilitoka na gramu 700. Mchanganyiko ulitoka na gramu 720, nikadhani nimepata faida, mpaka tulipomaliza kula nikapima mifupa: gramu 210. Nyama yenyewe ilikuwa gramu 500 na kidogo. Mbavu zilitoka na gramu 710, mifupa yake ikawa gramu 300, nyama gramu 410, na humo nimehesabu hata mafuta ambayo watoto waliyasogeza pembeni ya sahani.

Ziangalie tena namba hizo. Zikitoka motoni, aina zote tatu zina uzito unaokaribiana sana, na kwenye sinia mbavu ndizo zinazoonekana nyingi kuliko zote. Jicho halikusaidii hapa. Ukweli unaujua mwisho wa chakula, kwenye rundo la mifupa, na wakati huo bucha limeshafungwa.

Mahali uzito unapokwenda hapana siri. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Ikipata moto, nyuzi zake hujikunja na kuyakamua maji hayo, na mafuta nayo huyeyuka yakadondokea mkaani. Ule moshi wenye harufu nzuri ni sehemu ya pesa yako inayopaa. Kadiri inavyoiva zaidi ndivyo inavyopungua zaidi. Na sisi tunaipenda iive kabisa, jambo ambalo ni jema: Shirika la Afya Duniani linashauri nyama ipikwe mpaka joto la ndani lifike nyuzi 70 za Selsiasi. Kwa hiyo ukikutana na makadirio ya watu wanaokula nyama ikiwa bado nyekundu ndani, usiyafuate. Yao hupungua kidogo, yetu hupungua karibu theluthi.

Hesabu upande kwa upande

Mimi naanzia kwenye sahani, narudi nyuma mpaka kwenye mizani. Mtu mzima mwenye njaa ya kawaida, akiwa na ugali au ndizi na kachumbari pembeni, hutosheka na gramu 200 za nyama iliyoiva isiyo na mfupa. Ni kama vipande kumi hadi kumi na viwili vya ukubwa wa dole gumba. Watu wazima 20 wanahitaji kilo 4 za nyama ya kuliwa. Sasa tuone kila aina inadai nini ili kilo 4 hizo zipatikane. Bei hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo hizi za hapa ni za mfano tu. Weka za bucha lako.

| Aina | Nyama ya kuliwa kwa kilo 1 mbichi | Kilo za kununua, watu 20 | Bei ya mfano kwa kilo | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Steki | gramu 700 | 6 | Sh 13,000 | Sh 78,000 |
| Mchanganyiko wenye mfupa | gramu 500 | 8 | Sh 10,000 | Sh 80,000 |
| Mbavu | gramu 400 | 10 | Sh 10,000 | Sh 100,000 |

Steki, ambayo wengi tunaipita tukisema ni ghali, hapa imekuwa ya bei ya chini kuliko zote. Haitakuwa hivyo kila mahali, lakini kipimo chake ni rahisi kukumbuka. Chukua bei ya kilo ya steki, igawanye kwa bei ya kilo ya mchanganyiko. Jibu likiwa chini ya 1.4, steki inakupa nyama nyingi zaidi kwa shilingi ile ile. Likiwa juu ya hapo, mchanganyiko ndio nafuu. Ukiilinganisha steki na mbavu, mpaka ni 1.75, na ni nadra sana steki kuuzwa ghali kiasi hicho. Yaani mbavu, zikipimwa kwa kinacholiwa, karibu kila mara ndizo nyama ya gharama kubwa kwenye bucha la kawaida. Sisemi usinunue. Nasema ujue unalipia nini.

Unalipia utamu. Nyama iliyoshikana na mfupa ina mafuta yanayoilinda isikauke, na kule kuutafuna mfupa ni nusu ya raha ya nyama choma. Steki haina kinga hiyo. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wale wa nundu, waliotembea malishoni miaka mingi kabla ya kufika mnadani. Nyama yao ina ladha ya kweli lakini ina misuli. Steki ya paja ikikatwa vipande vidogo na kuachwa juu ya moto mkali inageuka kamba. Ukichagua steki, ichome ikiwa vipande vikubwa vya nusu kilo hivi, kwenye mkaa ulioshika majivu, iache itulie dakika kumi ikishatoka, ndipo uikate kwa kupinga nyuzi. Nikiwa na wazee wasio na meno imara, naomba sarara. Ni laini, ila kila ng'ombe ana mbili tu, na jamaa wa bucha huwa ameshaziweka kando kwa wateja wake wa hoteli, kwa hiyo agiza siku moja au mbili kabla.

Mchanganyiko nao una shida yake, nayo ni kwamba kilo mbili za mchanganyiko hazifanani. Bucha moja litakupa kipande cha mkono chenye mfupa mdogo, jingine litakujazia uti wa mgongo na magoti. Gramu 500 nilizoandika ni za mchanganyiko uliokatwa kwa haki. Simama karibu na gogo. Sema, bila ukali, "Kaka, hii ni ya kuchoma, si ya supu," naye ataelewa. Ukiona mfupa umezidi robo ya kilichomo kwenye mizani, omba abadilishe au ongeza kilo moja katika kila nane. Na umwombe mfupa aukate kwa msumeno kama anao. Shoka huacha vibanzi, na kibanzi cha mfupa kwenye koo la mtoto si jambo la kucheza nalo.

Kuhusu mizani yenyewe: Tanzania Bara, Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara kila mwaka na kuziwekea alama. Itafute alama hiyo. Gramu 50 zikipotea katika kila kilo, kwenye kilo 10 umepoteza mlo wa mtu mmoja kwa mbavu, na wa karibu wawili kwa steki. Na muhuri wa mkaguzi kwenye nyama inayoning'inia nao ni wa kuangaliwa. Wakati wa mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa mwaka 2006 na 2007, Kenya na Tanzania, watu waliiogopa nyama ya ng'ombe kwa miezi, na tangu hapo mimi sinunui nyama ya sherehe mahali ambapo muhuri hauonekani.

Mishikaki

Hii ni steki iliyobadilishwa umbo, lakini katika kuhesabu ina faida ambayo nyama ya kukata kwenye sinia haina: unahesabu vijiti. Kilo moja ya steki hutoa mishikaki 11 au 12 ya kawaida, kila mmoja ukiwa na gramu 85 hivi mbichi. Kilo 6 zinatoa mishikaki 70, yaani mitatu kwa kila mtu katika watu 20, na 10 ya akiba. Mgeni akichukua mitatu anajua amechukua mitatu. Kwenye sinia la pamoja wanaokaa karibu nalo hula zaidi bila kukusudia, na aliyekaa mbali hupata kidogo.

Kwa hiyo, mahali penye watoto wengi au watu wasiofahamiana, mishikaki inagawanyika kwa haki kuliko kitu kingine chochote. Gharama yake ni kazi. Kukata, kulaza kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha kutunga vijiti 70, ni saa mbili za watu wawili. Nyama ikiwa ngumu wengi husugua papai bichi, nalo linafanya kazi kweli, kwa sababu utomvu wake unavunja nyuzi za nyama. Ila lisikae usiku kucha. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Ukizidisha, nje inakuwa kama uji na vipande vinaachia kijiti vikianguka kwenye mkaa. Nimeona mishikaki kumi ikipotea hivyo mfululizo.

Kuchoma nyumbani au kuagiza kwa mchoma nyama

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, na mara nyingi si kwa kuibiwa. Ni kwa kutouliza swali moja: kilo hii ni mbichi au iliyoiva?

Sehemu nyingi za nyama choma, Tanzania na Kenya, nyama inaning'inia, unachagua kipande, kinapimwa kibichi mbele yako, kinakwenda jikoni. Wanaosimamisha magari Kikopey, karibu na Gilgil kwenye barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, wanaujua utaratibu huo, na mpenzi wa nyama anayepita Kenyatta Market jijini Nairobi anaujua pia. Lakini kuna wanaochoma mapema wakakupimia iliyokwisha kuiva. Vyote ni halali, ila kilo moja iliyoiva yenye mfupa ni sawa na karibu kilo moja na gramu 400 mbichi. Kwa hiyo kama mbichi ni Sh 10,000, basi iliyoiva inayouzwa Sh 14,000 pamoja na chochote kidogo cha mkaa na kazi si ghali hata kama inasikika hivyo. Na kwa watu 20, badala ya kilo 8 mbichi za mchanganyiko, utaagiza kilo 5 na nusu hadi 6 zilizoiva. Anayesahau tofauti hii anaagiza kilo 8 zilizoiva na kubaki na nyama ya watu wanane.

Ukiagiza kwa simu, taja mambo haya kwa sauti ili yasikike: kilo ngapi, mbichi au iliyoiva, sehemu gani ya ng'ombe, na isikatwe. Hili la mwisho nalisisitiza. Nyama iliyokatwa vipande vidogo na kufungwa kwenye karatasi ya foili inaendelea kutoa maji njiani, ikifika kwako imekauka na karatasi ina mchuzi chini. Ikija vipande vikubwa, unaikata nyumbani kwenye kibao ikiwa bado na maji yake. Kama una wageni Waislamu, uliza machinjo, na uliza pia kama wavu huo unachomewa kitimoto. Usisubiri wakuulize wao wakiwa mezani.

Nyumbani, hesabu ya nyama ni rahisi, lakini hesabu ya wavu ndiyo inayosahaulika. Jiko la kawaida la nyumbani lina wavu wa kubeba kilo 3 kwa wakati mmoja bila kubanana. Kilo 8 za mchanganyiko ni mizunguko mitatu, na kila mzunguko ni kama saa moja ukitaka iive polepole. Ukiwasha moto saa sita, sinia la mwisho linatoka saa tisa alasiri. Kilo 6 za steki ni mizunguko miwili, na kila mmoja ni mfupi zaidi. Mkaa nao unapungua kwa kiwango hicho hicho. Tofauti hii haionekani kwenye bei ya bucha, lakini aliyesimama kwenye moshi anaihisi.

Uamuzi wangu baada ya sherehe nyingi ni huu. Tukiwa chini ya 10, tunakwenda tunakokula. Hakuna haja ya kuwasha jiko. Kati ya 15 na 40, nanunua mwenyewe na tunachoma nyumbani, kwa sababu hapo akiba ni kubwa na mzigo unabebeka. Zaidi ya 50, nanunua nyama mwenyewe kwenye bucha ninaloliamini, kisha namwita mchoma nyama aje na wavu wake mkubwa na kijana wake, namlipa kazi. Ninachokwepa ni kumwachia mtu mmoja ununuzi, mizani na moto vyote kwa pamoja siku yenye watu wengi.

Watu 20 ni watu gani?

Gramu 200 ni mwanzo tu. Watoto wa chini ya miaka kumi nawahesabu gramu 100 kila mmoja. Wanaokaa na vinywaji kuanzia saa tisa mpaka usiku hula polepole lakini hula sana, kwa kijiti cha meno, kipande kimoja kila dakika chache. Hao wape gramu 250. Kama kuna pilau na kuku kwenye meza hiyo hiyo, gramu 120 zinatosha, kwa kuwa nyama choma imekuwa kionjo. Njaa pia ina saa zake: wageni wa saa nane mchana waliotoka kanisani bila chai wanakula kuliko wale wale wakija saa moja usiku.

Ndizi za kuchoma ziwe nyingi na zitangulie mezani. Hili si kuwabania wageni. Mtu aliyesubiri nyama saa moja na nusu akiwa na njaa tupu hula kipande cha kwanza kwa pupa na hatambui ameshiba mpaka amepitiliza. Ndizi mbili na kachumbari mapema zinampumzisha. Ugali uje pamoja na nyama, usitangulie, maana ukipoa hauliki.

Kisha kuna wasioalikwa, na kwetu hao ni wageni kamili. Rafiki atakuja na rafiki, jirani atasikia harufu. Naongeza sehemu moja ya kumi juu ya hesabu yote, na kama sherehe iko uani ambako geti linabaki wazi, naongeza sehemu moja ya tano.

Tuirudie ile siku ya kipaimara, tukifanya ilivyopaswa. Watu wazima 22 kwa gramu 200 ni kilo 4.4. Watoto 8 kwa gramu 100 ni kilo 0.8. Jumla kilo 5.2, ongeza kumi ya hiyo, unapata kilo 5.7 za nyama ya kuliwa. Kwa mbavu peke yake ningehitaji kilo 14. Mimi nilikuwa na 10, zilizotoa kama kilo 4 za kuliwa. Zilipungua kilo moja na gramu 700, na humo ndimo ulimokuwa mlo wa mjomba.

Leo nisingenunua aina moja tu. Kilo 5 za steki zinatoa kilo 3.5, kilo 4 na nusu za mchanganyiko zinatoa kilo 2.2 na zaidi. Jumla ni kilo 9 na nusu mbichi, pungufu ya zile 10 nilizonunua, na kila mtu angekula. Mchanganyiko ule unaleta mfupa na mafuta ambayo watu wanayapenda, steki inaleta wingi. Nusu kwa nusu ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote anayenunua kwa mara ya kwanza kwa kundi kubwa, kwa sababu hata ukikosea upande mmoja, wa pili unakubeba.

Na mbuzi je?

Wengi huuliza, maana nyama choma kwa watu wengi ni mbuzi kwanza. Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 11 hivi akishachunwa, kidogo pungufu ya nusu. Ana mifupa mingi kwa mwili wake, kwa hiyo katika kilo 11 hizo utakula kama kilo 5, na watu 20 hadi 25 wanatosheka. Juu ya hapo kuna kichwa, miguu na utumbo, ambavyo ni supu ya kuanzia, na supu hiyo inapunguza njaa kabla ya nyama. Ukinunua mzima, hesabu yake ni hiyo. Ukinunua kwa kilo, mfanye kama mchanganyiko wa mfupa, ongeza kilo moja. Kama ni sherehe ya heshima yenye kukata ndafu, ng'ombe hawezi kuchukua nafasi hiyo hata awe nafuu vipi, na hapo ulinganisho wa bei hauna kazi.

Kilichobaki kisiachwe mezani mpaka watu waondoke. Kwa joto la Dar es Salaam, nyama iliyokaa nje zaidi ya saa moja juani au saa mbili kivulini naiondoa. Ile iliyopoa mapema inaingia kwenye friji ikiwa bado na mfupa, na kesho yake inakatwa kwenye mchuzi wa nyanya na nazi. Steki iliyolala haichomwi tena, itakuwa ubao.

Jumamosi hii tuko watu wazima 16 na watoto wanne. Kilo 3.2 na kilo 0.4, jumla 3.6, nikiongeza kumi ya hiyo ni kama kilo 4. Nimeshamwambia jamaa wa bucha: steki kilo 3, mchanganyiko wa mkono kilo 4, na nundu akiipata. Mjomba anakuja na basi la asubuhi. Nundu ikipatikana itachomwa ya mwisho, na kipande chake kitakaa kwenye bakuli lenye kifuniko kando ya jiko hata basi likichelewa.